Mstari Uliojibu Ndiyo

Nimestaafu Ijumaa iliyopita, nikiwa na miaka thelathini na moja. Brayo wa ofisini alicheka niliposema hivyo. Kwake mtu hastaafu kabla ya mvi, labda awe mchezaji mpira. Lakini nimefanya kazi moja kwa miaka minane, katika chumba kimoja, juu ya kiti kimoja kilichobadilishwa mto mara mbili, na sitairudia. Sijui neno jingine la kutumia. Naenda kufundisha hisabati, na kabla sijasahau nawaandikia ninyi mnaobaki pale ofisini Hurlingham, pamoja na watakaokuja baada yenu. Vyeo sitavitaja kwa sababu hatukuwa navyo. Mshahara pia sitautaja, kwa sababu karibu hiyohiyo.

Nilifika mwezi mmoja baada ya kumaliza chuo kikuu. Mama Ciku alikuwa ndiye mwenye ofisi, kama alivyo sasa. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa mawakili kwa miaka mingi, kisha akanunua kompyuta sita, akakodi chumba juu ya duka la dawa, akaanza kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Ninyi mmemkuta ametulia. Mimi nilimkuta akiwa bado anaishuku hata printa.

Siku ya kwanza alinipa rula ya mbao. Nilidhani ni ya kupigia mistari kwenye daftari.

"Unaiweka hapa," akasema, akaiegemeza kwenye skrini chini ya mstari wa kwanza wa fomu. "Unamsomea mteja mstari. Anajibu. Unashusha rula. Ukifika ile ya mwisho unamuuliza kama ana hakika, na anajibu na mdomo wake. Si kichwa. Mdomo."

Nikamuuliza kwa nini kichwa hakitoshi. Akasema watu hutikisa kichwa hata wakisinzia kanisani. Nikamuuliza kama kuna ushahidi kwamba rula inapunguza makosa, au ni mazoea tu ya enzi za taipureta. Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri. "Wameniletea profesa," akamwambia. Hilo ndilo jina nililofanyia kazi miaka minane. Ile mikwaruzo mnayoiona kwenye skrini za zamani, ambayo Brayo huwaambia wateja ni ya paka, ni ya rula.

Nilitumia rula miezi kadhaa, kwa shingo upande. Kisha akaja karani wa kampuni ya mawakili iliyokuwa mkabala na sisi. Alitaka hukumu zote za mashamba za miaka kadhaa kutoka kwenye tovuti moja, na kila hukumu ilikuwa nyuma ya linki yake. Unabonyeza, unasubiri, unahifadhi, unarudi nyuma, unabonyeza inayofuata. Nilibonyeza siku nzima. Kesho yake sikuweza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Nikajiuliza swali ambalo, kusema kweli, ndilo swali pekee la maana nililopata kujiuliza kazini: je, kuna lolote ninaloamua hapa, au mimi ni kidole tu?

Jioni ya siku hiyo niliandika skripti yangu ya kwanza. Kwa wasioijua, ni maandishi machache unayoyaweka ndani ya kivinjari, yakae humo kimya. Ukifungua tovuti uliyoyatajia, yanaamka yenyewe na kufanya ulichoyaagiza: tafuta linki, bonyeza, subiri, nenda ukurasa unaofuata. Asubuhi niliiwasha, nikaketi na chai nikaitazama ikifanya kazi yangu. Karani alikuja kuchukua hukumu zake akanishukuru kwa bidii.

Miaka iliyofuata nilijifunza mengi ambayo mtayakuta kwenye daftari la kijani, kwenye droo ya pili. Nitataja mawili. Kwanza, usibonyeze kitu ambacho hakijafika. Ukurasa huja vipandevipande, na skripti yenye haraka hubonyeza hewa kisha ikadai imefanya. Ifundishe kusubiri hadi linki ionekane, si kusubiri sekunde tatu kwa kubahatisha. Pili, usiigonge tovuti ya watu kama mwenye nyumba anayedai kodi. Weka nafasi kati ya hodi na hodi. La tatu, ambalo ndilo kubwa, nililijua vibaya kwa muda mrefu, na ndilo linalonifanya niandike.

Hospitali moja kubwa ya jijini ilikuwa imeanza kutoa miadi ya kliniki ya macho kupitia tovuti. Nafasi zilifunguliwa kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na kufikia saa mbili na dakika tano zilikuwa zimekwisha. Wateja wetu walikuwa wengi wao watu wa mitaa ya Riruta, Satellite na Kawangware, ambao simu zao zilikwama hata kabla ukurasa haujafunguka. Walikuja Jumatatu, wakakosa, wakarudi Jumatatu nyingine. Niliandika skripti. Ilifungua ukurasa upya, ikiona nafasi inabonyeza "Endelea", halafu "Thibitisha", halafu inalia kengele ndogo. Ting. Jumatatu ya kwanza wateja wetu wote walipata. Mama mmoja alitaka kumwombea mwenye kuitengeneza, na Mama Ciku akamwonyesha mimi, na yule mama akasema hapana, yule wa kompyuta.

Niliandika kwa haraka, na haraka hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Sikuitafuta linki kwa maneno yake, niliihesabu. Linki ya tatu kutoka juu, ambayo kwa mashine ni namba mbili kwa kuwa inaanzia sifuri, ndiyo ilikuwa ya kuendelea, kwenye kila ukurasa wa tovuti ile. Na kabla ya hatua ya mwisho tovuti ilikuwa ikiuliza, "Una hakika?" Swali hilo lilipoteza nusu sekunde. Nikaandika mstari mmoja uliojibu ndiyo kabla swali halijaonekana.

Mama Ciku aliuona mstari huo. Sikumficha. Aliniomba nimsomee skripti yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, rula mkononi kama kawaida yake. Tulipofika hapo alisimamisha rula.

"Hapa nani anajibu?"

Nikamwambia hakuna anayejibu, swali lenyewe halina maana, mtu aliyekuja kutafuta miadi ni wazi anataka miadi. Akasema sawa, profesa. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia akimwambia mteja kwamba printa itarudi sasa hivi.

Mzee Kyalo alikuja Jumatano moja, karibu saa sita. Ni fundi cherehani wa Riruta, anashona sare za shule, na kwa miaka mingi amekuwa mteja wetu. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto, alivyoniambia mwenyewe, lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Alikuwa ameacha kutunga uzi. Majirani walimtungia sindano asubuhi, na uzi ukikatika alifunga kazi. Kwa bahati, na kwa kubonyeza kwa kidole cha binti yake, alikuwa amepata miadi ya Jumanne iliyofuata, saa tatu na nusu. Siku hiyo daktari angempima na kumwingiza kwenye orodha ya upasuaji. Akiikosa angeanza upya, na hakuna aliyejua orodha nyingine ingefunguliwa lini. Hakuja kutafuta nafasi. Alikuja kuchapishiwa karatasi tu.

Alikaa kando yangu, nikamuuliza habari za nyumbani. Nikaingiza namba yake, ukurasa wa miadi yake ukafunguka.

Ninyi mnaojua kazi mmekwisha kuona. Skripti ilikuwa imewashwa. Ilikuwa inakaa kwenye kivinjari changu tangu Jumatatu, na mimi sikuwa nimeiambia ijali ni ukurasa upi wa tovuti. Na usiku wa Jumanne watu wa hospitali walikuwa wameweka tangazo jipya juu kabisa kwenye kurasa za wenye miadi tu, lenye linki yake, kwa hiyo kila kitu chini yake kilikuwa kimesogea nafasi moja. Kwenye ukurasa wa Mzee Kyalo linki ya tatu sasa ilikuwa "Achia nafasi". Ikabonyezwa. Tovuti, kwa adabu yake yote, ikataka kuuliza kama ana hakika, na mstari wangu ukaijibu ndiyo.

Skrini ilimetameta mara moja. Ikaandika kwamba nafasi imeachiwa, asante kwa kuwafikiria wengine.

Kabla sijamaliza kusoma, nyuma yangu, kwenye mashine namba tatu, kengele ikalia. Ting.

"Njeri amepata!" Brayo akasema, akapiga meza. "Mnaona hii kitu? Jumatano saa sita, mtu ameachilia, imedaka."

Njeri alikuwa msusi wa Satellite aliyekosa Jumatatu tatu. Tulikuwa tumemwachia mashine moja ikisubiri mtu yeyote atakayeachia nafasi katikati ya wiki. Sikuhitaji kwenda kutazama, lakini nilienda. Jumanne, saa tatu na nusu.

Nilirudi kwenye kiti changu. Mzee Kyalo alikuwa ameelekeza uso kwenye printa, kwa sababu alijua ilipo kwa sauti.

"Imetoka?" akauliza.

Ningeweza kusema mtandao umepotea, arudi kesho. Nataka mlijue hilo, kwa sababu siku moja na ninyi mtakaa hapo. Hakuwa anaiona skrini. Brayo alikuwa bado anafurahi. Nilihesabu, kweli nilihesabu, ni watu wangapi wangejua, na jibu lilikuwa sifuri, au mmoja nikijihesabu mimi.

Nikamwambia. Nilimweleza pole pole, kuanzia skripti, tangazo, hesabu ya linki, hadi kengele. Mama Ciku alitoka nyuma ya kaunta akasimama.

Mzee Kyalo alisikiliza hadi mwisho. "Iliuliza kama nina hakika?"

"Iliuliza, mzee."

"Na mimi nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Basi nani alisema ndiyo?"

Nimesoma falsafa na hisabati miaka minne na sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nikamwambia ni mimi. Akasema hapana, wewe ulikuwa unaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia niliisema miezi minne iliyopita, nikaiacha hapo ikisubiri mtu.

Mama Ciku alichukua simu akapiga hospitalini, akasubirishwa, akajibiwa na mama mmoja mwenye sauti ya upole kwamba majina hayabadilishwi kutoka pale. Aliye na nafasi aiachie, anayeitaka aichukue, yote kwenye tovuti. Kisha Mama Ciku akampigia Njeri. Aliongea naye kwa Kikuyu, kwa muda mrefu, na nilisikia jina langu mara mbili.

Mchana ule wote niliandika upya. Nilihifadhi kurasa za tovuti kwenye mashine yangu, zile za zamani na hizi mpya zenye tangazo, nikaijaribu skripti juu ya nakala hizo badala ya juu ya maisha ya watu. Fanyeni hivyo kila mara. Niliiondolea kuhesabu. Sasa ilitafuta neno lenyewe lililoandikwa kwenye linki, ikilikosa inasimama. Niliifungia isiamke popote isipokuwa kwenye ukurasa wa kutafuta nafasi. Na ule mstari nikaufuta.

Asubuhi Njeri alifika, akiwa bado na vitana kwenye mfuko wa aproni. Mzee Kyalo alikuwa ameketi tangu tulipofungua. Njeri alimsalimia, kisha akasimama mbele yangu.

"Sasa, Mwende. Kwa hivyo nafasi nilipata ilikuwa ya huyu mzee?"

"Ilikuwa yake."

"Na ningepata ile ya Jumatatu, ingekuwa ya nani?"

Nikafungua mdomo kusema haingekuwa ya mtu. Halafu nikawaona wale wanaokaa nyumbani, mtaani Kangemi, na simu zilizokwama, Jumatatu saa mbili, wakingoja ukurasa ufunguke, huku kengele yetu ikilia. "Ya mtu," nikasema. "Zote zilikuwa za mtu."

"Eeh," akasema. "Mimi nilidhani ni bahati." Akaketi.

Hapo tukabishana, maana lilikuwepo jambo la kubishania. Mama Ciku alitaka ifanywe kwa mkono, Njeri aachie na Brayo adake. Brayo akasema ofisi nyingine jijini pia zina skripti, na hakuna kidole kitakachoshinda mashine. Alikuwa sahihi. Mimi nilitaka kusema kitu lakini nilikuwa nimeipoteza haki yangu ya kusema. Mwishowe Mzee Kyalo ndiye aliyeamua.

"Hiyo mashine ndiyo ilichukua. Wacha irudishe. Lakini isinijibie."

Niliiwasha skripti mpya kwenye mashine namba tatu. Kwenye namba mbili Njeri alifungua miadi yake. Mama Ciku aliweka rula chini ya swali na kumsomea. Una hakika? Njeri alimtazama mzee, akatazama vidole vyake mwenyewe, vyekundu kwa rangi ya nywele. Alikuwa akiumwa kichwa kila jioni kwa mwaka mzima, kwa ajili ya macho.

"Nina hakika," akasema, akabonyeza.

Namba tatu ilifungua ukurasa. Hakuna kitu. Ikangoja kama nilivyoifundisha, kwa adabu, na kwa mara ya kwanza nilijuta kuifundisha adabu. Ikafungua tena.

Ting.

Safari hii haikuendelea. Ilisimama kwenye ukurasa wa mwisho, na pembeni nikaona kitu ambacho kilikuwepo siku zote na sikuwahi kukiona kwa sababu ya haraka yetu. Ilikuwa saa ndogo ikihesabu kurudi nyuma kutoka dakika kumi. Ukishachagua nafasi, tovuti ilikuwa inakushikia kwa dakika kumi ili usome. Niliibania nusu sekunde, na yenyewe ilikuwa inanipa dakika kumi.

Mzee Kyalo alihamia kiti cha mbele ya namba tatu. Mama Ciku alianza na jina lake. Akashusha rula. Tarehe. Akashusha. Saa.

"Rudia saa," mzee akasema.

Akarudia. Mzee akauliza kliniki iko ghorofa ya ngapi, akauliza kama ni lazima aende na mtu, akauliza yale maandishi mengine yanasema nini. Saa ndogo ilikuwa imefika dakika tatu. Brayo alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Hakuna aliyemharakisha.

"Mzee, una hakika?" Mama Ciku akauliza.

"Nina hakika. Nionyeshe mahali."

Mama Ciku alichukua mkono wake, akaulaza juu ya kipanya, na mzee akabonyeza mwenyewe. Karatasi ikatoka. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaugusa mfuko.

Njeri alipata nafasi yake baada ya Jumatatu nyingine nne. Ile skripti ya kuvizia katikati ya wiki niliizima siku hiyohiyo. Ya Jumatatu tuliiacha, kwa wale wanaokuja kuketi nasi wenyewe, nayo hadi leo husimama hatua ya mwisho. Je, ni haki kwa yule wa Kangemi? Nimejiuliza kila Jumatatu tangu siku hiyo na sina jibu la kuwaachia. Nimewaachia swali, limo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kijani, na rula iko juu yake. Atakayepata jibu asilifiche.

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho, walikuwa wamenunua keki na soda. Karibu saa tano Mzee Kyalo akaingia, amevaa miwani mipya yenye fremu nzito. Alikuwa amekuja kuthibitisha miadi yake ya kurudi kwa daktari, na alitaka nimhudumie mimi. Aliniuliza kama ni kweli naondoka, nikasema ni kweli. Akasema huko shuleni wakihitaji sare nijue pa kuwatuma.

Nilifungua ukurasa wa miadi yake, kwa mkono, hadi hatua ya mwisho, nikasimama. Nikanyoosha mkono kuchukua rula.

"Wacha," akasema. "Nipishe."

Akasogeza kiti. Akaanza kusoma mwenyewe, kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari bila kugusa skrini. Jina lake. Tarehe. Saa. Foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni, na mtu mmoja akasonya. Mzee akaendelea. Alisoma masharti. Alisoma lile tangazo la juu, lililokuwa bado lipo. Alisoma hata maandishi madogo ya chini kabisa, yale yasemayo tovuti ni mali ya nani na haki zote zimehifadhiwa, ambayo mimi katika miaka minane sijawahi kuyasoma.

Brayo alikohoa. "Mzee, hapo imetosha, bonyeza tu."

"Ngoja, kijana," akasema. "Sijafika mwisho."

Tukamngoja.